Kiti cha Pili cha Ami Idarus

Jambo la kwanza nililoliona kwa Idarus Yeslam lilikuwa viti vyake. Nyuma ya pazia la duka lake, kwenye barabara ya Magongo, palikuwa na meza, kompyuta, na viti viwili vya kuzunguka vya aina moja. Kimoja kilikuwa kimechakaa hata sifongo ikichungulia pembeni. Cha pili kilikuwa bado kimevikwa plastiki yake kama kilivyotoka dukani, na plastiki hiyo ilifutwa vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kile kile kilichofuta meza. Mara ya kwanza niliposhika mgongo wa kile kiti kipya ili nikae, alinisogezea kigoda cha mbao kwa upole mkubwa.

"Kaa hapa, mwalimu," akasema. "Hicho kina mwenyewe."

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu mwingine.

Mwaka huo wa 1998 nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nakaa kwa shangazi yangu Magongo nikingoja kupangiwa shule ya kufundisha. Kwa kuwa shule yenyewe ilichelewa kupatikana, nilikwenda kwa Idarus mara kwa mara kupigisha chapa barua za kuomba kazi. Yeye aliniita mwalimu tangu siku ile ya kwanza, kabla sijapata hata darasa la kusimama mbele yake, nami nilimwita ami, kama walivyomwita vijana wote wa mtaani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma iliyofuliwa hata ikapoteza rangi.

Duka lile zamani lilikuwa la vitambaa, na lilikuwa la baba yake. Ndugu zake wa kiume walikwenda Dubai mmoja baada ya mwingine, na dada yake Ruwaida akaolewa Malindi. Idarus alibaki na mama yao, Bi Kuluthum, aliyekuwa mgonjwa wa miguu. Alimpikia, alimwosha nguo, alimsomea magazeti. Watu walimwambia aoe, akajibu kwamba ataoa mama akipata nafuu. Mama hakupata nafuu. Alipofariki, vitambaa vilikuwa vimekwisha kuliwa na nondo, na Idarus akageuza duka kuwa mahali pa kupiga chapa na kutoa nakala za hati. Kompyuta ya mbele ilikuwa ya kazi. Ile ya nyuma ya pazia aliletewa na kaka yake Barakat kutoka Dubai mwaka ambao Barakat aliahidi kuja Idi akashindwa. Kwa hiyo mgeni hakuja, kikaja kisanduku.

Ndani ya kisanduku hicho mlikuwa na mchezo wa vita. Nieleze kidogo, maana wakati ule wengi wetu tulikuwa hatujauona mchezo wa namna hiyo. Haukuwa kama michezo ya zamani, ambayo unamwona mtu wako mdogo akirukaruka chini ya kioo. Katika huu hujioni. Unaona mikono miwili na bunduki mbele yako, na macho ya askari yanakuwa macho yako. Ukigeuka, dunia yote inageuka: maghala, magunia ya mchanga, ngazi, mlango ulio wazi nusu. Nilipokaa mara ya kwanza kutazama, nilijikuta nainamisha kichwa ili nichungulie nyuma ya ukuta ambao haukuwako.

Idarus aliucheza bila sauti. Mwaka uliotangulia kulikuwa na vurugu za kweli upande wa Likoni, na bado watu walishtuka wakisikia hata tairi likipasuka. Hakutaka mlio wa bunduki usikike kutoka dukani kwake. Basi vita vyake vilikuwa vya kimya: moto unatoka mdomoni mwa bunduki, mtu anaanguka, na kinachosikika ni feni tu na wachuuzi wa nje.

Kwa miezi mingi alipigana na askari wa mashine. Akawamaliza wote, akaanza tena, akawamaliza tena. Kisha siku moja alikwenda mjini kwa Tsofa, mtu aliyeuza diski na vipuri vya kompyuta, akarudi na modemu, yaani kile kidude kinachounganisha kompyuta na waya wa simu. Tsofa alimwambia kwamba mchezo ule unaweza kuchezwa na watu wawili walio mbalimbali, kila mtu kwake, simu ikiwa imeunganishwa katikati. Tena yuko mteja mmoja wa Kisauni, upande wa pili wa mji, mwenye mchezo huo huo na modemu kama hiyo. Jina hakulitaja. Yule bwana alikuwa karani wa bohari la barafu, kompyuta ilikuwa ya kazini, na aliruhusiwa kuigusa jioni tu kazi ikishaisha. Tsofa alimpa Idarus nambari ya simu ya bohari, akaahidi kumpa mwenzake ya dukani, akamwambia apige baada ya alasiri.

Akapiga. Modemu ikalia kwa mikwaruzo, kioo kikatulia, na katika ua wa maghala yale aliyoyajua kama nyumba yake akatokea askari mwingine. Juu ya kichwa chake liliandikwa neno KISAUNI. Idarus naye alikuwa amejiandika MAGONGO.

"Nikamwona anakuja kwa kuyumbayumba, akijigonga ukutani," aliniambia. "Nikajua huyu si mashine. Mashine haijigongi."

Nilimwuliza swali ambalo nadhani kila mtu angeliuliza. Askari wa mashine walikuwa hodari kuliko yule bwana wa Kisauni, na hawakuhitaji simu wala kungojwa hadi alasiri. Palikuwa na nini basi?

Alifikiri, kidole kikiwa juu ya kibodi. "Askari wa mashine ukimpiga hajui kama amepigwa," akasema. "Huyu nikimpiga, hukaa kimya kidogo kabla hajarudi. Najua yuko mahali, amekaa kitini, amekasirika, au anacheka. Kule kukaa kimya kwake ndiko ninakokutaka, mwalimu."

Walicheza kila siku ya kazi, baina ya alasiri na magharibi. Kwa kuwa mchezo uliruhusu kuandikiana maneno machache chini ya kioo, walitaniana. KISAUNI aliandika, "Leo nakuzika." MAGONGO akajibu, "Sanda unayo?" Siku Idarus alipojificha nyuma ya mapipa mpaka mwenzake akachoka kumtafuta, KISAUNI aliandika, "Toka we popo." Neno hilo lilimchekesha Idarus wiki nzima. Alinihadithia mara mbili, na mara ya pili nilicheka zaidi kwa sababu ya uso wake.

Lakini jambo lililomshika moyo lilikuwa jingine. Siku ya kwanza waliyokutana, walikuwa katikati ya mapigano adhana ya magharibi ilipoadhiniwa. Idarus hakujua afanye nini. Kuikata simu bila kuaga aliona ni utovu wa adabu, na kuandika maelezo kungemchelewesha. Basi akaishusha bunduki ya askari wake, akamgeuza ukutani, akamwacha amesimama hapo mahali pa wazi, akaenda kutawadha. Alijua fika kwamba atarudi amkute amekufa. Aliposwali na kurudi, alimkuta mzima. Kando yake alikuwa amesimama askari wa KISAUNI, naye ameshusha bunduki, amegeukia ukuta ule ule.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Adhana ikisikika, vita vinakwisha, askari wawili wanasimama bega kwa bega mbele ya ukuta wa ghala. Niliwahi kuiona picha hiyo kwa macho yangu, duka likiwa tupu na Idarus akiswali upande wa pili wa pazia. Askari hawa hawatulii kabisa hata wakiachwa. Mabega yao hupanda na kushuka, kama wanapumua. Nilibaki nimekaa kwenye kigoda nikiwatazama.

"Ni mtu wa swala," Idarus aliniambia kwa uhakika. "Pengine ni mtoto wa Waislamu wa hapa jirani, Jomvu Kuu, aliyehamia kule."

Nilimwuliza mbona hamwulizi jina, au mbona hainui simu wakasemezana. Akasema jina huulizwa mtu mkiwa uso kwa uso, na simu akiinua hajui atasema nini. Wakati huo huo Ruwaida, kila alipopiga kutoka Malindi, alikuta simu ina watu. Alimwambia kakake kwamba anafurahi, maana yaonekana siku hizi amepata marafiki wengi. Idarus hakumsahihisha.

Mwezi wa Oktoba, KISAUNI alikuja uani akasimama bila kufyatua. Aliandika kwamba bohari la barafu linafungwa mwisho wa mwezi, na kompyuta itachukuliwa Jumamosi ya mwisho. Kisha akaandika, "Basi." Nilikuwepo. Idarus alilitazama neno hilo, mikono yake ikabaki mapajani. Hapakuwa na mtu mwingine aliyemjua katika mji huu mwenye modemu na mchezo ule, na hata kama angepatikana, asingekuwa huyu.

Baadaye aliandika, akifuta na kuandika upya, mpaka maneno yakatoka hivi: "Tuonane Ijumaa. Msikiti wa hapa Magongo. Nitakuwa safu ya mwisho karibu na mlango."

KISAUNI alikaa kimya kwa muda. Kisha akajibu, "Sawa. Nitakuja."

Ijumaa ile Idarus alinyoa ndevu, akavaa kanzu iliyokuwa imekunjwa kabatini tangu hitima ya mamake, akajipaka udi. Mimi nilikaa safu moja naye. Alimpa salamu kila mtu aliyeingia, na kila aliyemjibu alimtazama machoni kitambo zaidi ya kawaida, hata mzee mmoja akamwuliza kama amepotelewa na kitu. Swala ikaisha, watu wakatoka. Idarus hakuondoka mahali pake, kwa kuwa ndipo aliposema atakuwapo. Mimi nilitoka, nikarudi, nikatoka tena. Muadhini alizima feni moja, akaacha ile iliyo juu ya kichwa cha Idarus, nadhani kwa kumwonea haya. Ilipokaribia alasiri ndipo aliposimama.

"Hakuja," akasema, akatafuta viatu vyake.

Jumatatu, saa yao ya kawaida, simu ililia. Idarus aliiacha ilie. Ilinyamaza, ikalia tena. Alikuwa kompyuta ya mbele akipiga chapa barua yangu, na nilipoisoma baadaye niliona ameruka mstari mzima. Jumanne vilevile. Nilijaribu kumwambia kwamba huenda mwenzake alipatwa na dharura, akanijibu kwa utulivu kwamba mtu huwa na dharura siku moja, naye yeye amezoea. Hakufafanua amezoea nini. Lakini macho yangu yalikwenda kwenye kompyuta ya Barakat, nayo ilikuwa imefunikwa kwa kanga ya Bi Kuluthum. Kile kiti kipya kilikuwa na vumbi.

Jumatano asubuhi aliingia Mwarandu, fundi wa kuziba matairi ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wa msikiti. Alikuwa ametoka Kaloleni matangani, akataka nakala ya kitambulisho chake. Wakati mashine ikipata moto alianza kuhadithia, kama kawaida yake, na hakumlenga mtu.

"Nimeona mengi barabarani hapa," alisema, "lakini Ijumaa nimeona jipya. Kaja bwana mmoja kasimama kibandani kwangu tangu watu wanaingia msikitini. Namwuliza, unangoja gari? Asema, la, namngoja rafiki yangu atoke kuswali. Rafiki yako yukoje? Asema, simjui sura."

Akacheka mpaka akashika meza.

"Nikamwambia, vua viatu wewe, ingia, uchungulie. Asema, mimi si wa humo, nisije nikawaharibia watu swala yao. Basi kasimama. Watu wanatoka, wote kanzu nyeupe, wote kofia, yeye anawatazama kama anayechagua mbuzi mnadani. Hata wa mwisho kaondoka. Kasimama tena. Jua lamchoma. Mwishowe kaniachia madafu, kasema akitokea mtu kuulizia mtu wa Kisauni, nimpe."

Idarus alikuwa ameshika kitambulisho mkononi, hajakiweka mashineni.

"Wa wapi?" akauliza.

"Kisauni. Mgiriama mwenzangu, jamaa wa kanisani. Dafu moja nimelinywa, Bwana Idarus, kusema kweli. Yalikuwa yanaharibika. Kwani ni wako?"

Idarus aliweka kitambulisho juu ya mashine, akapita pazia. Nilimsikia akiivuta ile kanga. Mwarandu alinitazama, akaniuliza kwa ishara ya mikono amekosea nini. Nilimtolea nakala yake mwenyewe, na hakutoka. Alikaa kwenye kigoda changu akangoja aone mwisho wake.

Alasiri bado ilikuwa mbali, lakini Idarus alipiga. Hapakupokelewa. Akapiga tena baada ya adhuhuri, na tena baada ya chakula. Saa yao ilipofika, modemu ikakwaruza. KISAUNI alitokea uani, akasimama mbali, karibu na lango.

Nakumbuka maneno yaliyoandikwa chini ya kioo, maana nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

"Ulikuja," aliandika Idarus.

"Nilikuja. Nilidhani umeniona ukaona haya kutoka."

"Nilikuwa ndani. Safu ya mwisho. Nilikungoja wewe."

Askari wa KISAUNI alisogea hatua chache.

"Wewe si Muislamu," aliandika Idarus. Nadhani alitaka kuweka alama ya kuuliza, akasahau.

"La. Naitwa Charo Thoya."

Idarus aliondoa mikono, akairudisha. "Kwa nini basi ulikuwa ukisimama nami adhana ikiadhiniwa?"

Jibu lilichelewa. Mwarandu alinyoosha shingo asome.

"Siku ya kwanza nilikukuta umegeukia ukuta, hupigi," liliandikwa. "Nikajua una jambo lako. Nikangoja na wewe."

Idarus alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Halafu akamwendesha askari wake kutoka nyuma ya mapipa, akavuka ua wote uliokuwa wazi bila kujikinga, hadi langoni alipokuwa mwenzake. Wakasimama hivyo, bunduki chini, na adhana ilikuwa bado.

"Jumapili ukitoka kanisani," aliandika hatimaye. "Si msikitini. Nyumbani kwangu. Ni duka la kupiga chapa, mkabala na kituo cha mafuta. Kompyuta ninazo mbili."

"Nitakuja na madafu mengine?"

"Usimpe Mwarandu."

Mwarandu alisema hayo si haki. Alikuwa anacheka.

Siku zilizobaki duka lile lilibadilika. Idarus aliibeba kompyuta ya mbele akaipeleka nyuma ya pazia, akaziweka mbili zielekeane, ili mmoja asione kioo cha mwenzake. Alikwenda kwa Tsofa akarudi na waya wa kuziunganisha, akaulaza chini ya mkeka ili mgeni asijikwae. Alimpigia Ruwaida, na safari hii yeye ndiye aliyepiga, kumwuliza mama alikuwa akitia nini katika mchuzi wa papa. Nilisikia dada yake upande wa pili akiuliza ni nani anayekuja. Idarus akasema ni rafiki yake wa Kisauni. Ruwaida alimwuliza ni yupi kati ya wale wote.

"Ni huyo huyo," akajibu.

Jumamosi kompyuta ya bohari ilichukuliwa, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuandikiana tena. Kama jambo lingeharibika kuanzia hapo, hakuna ambaye angejua. Usiku huo, nilivyoambiwa, Idarus hakulala vizuri, akaamka mara kadhaa kuutazama mchuzi.

Jumapili nilifika mapema. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, kile changu. Plastiki ya kiti cha pili ilikuwa imetolewa, imekunjwa vizuri juu ya kabati kana kwamba huenda ikahitajika tena. Kiti chenyewe kilikuwa cheusi, kinang'aa, na kilionekana kigeni mle ndani. Mchuzi ulinukia hadi barabarani. Mwarandu, ambaye Jumapili hafungui kibanda, alikuwa amekifungua, amekaa mlangoni akitazama kila aliyeshuka garini.

Mara simu ikalia. Idarus aliitazama. Ililia mara ya pili, ya tatu. Nilidhani ataniomba niipokee. Akainuka, akaweka kofia sawa, akainua mkono wa simu. Kwa mara ya kwanza aliisikia sauti ya yule mtu, nami niliisikia kwa mbali, nzito kidogo, ikishindana na kelele za makondakta.

"We popo," ilisema. "Niko Mwembe Tayari. Nabadilisha gari."

Idarus alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta la kusema, kama alivyoniambia zamani kwamba hatalipata.

"Sanda unayo?" akasema.

Upande wa pili mtu alicheka kwa nguvu, na simu ikakatika. Idarus aliishika kwa muda kabla ya kuirudisha mahali pake. Kisha akaziwasha kompyuta zote mbili, akamweka askari wake uani mbele ya ukuta wa ghala, bunduki chini. Akatoka akasimama kizingitini, kitambaa cha kufutia vumbi bado kiko begani, akitazama upande wa Makupa yanakotokea magari. Ng'ambo ya barabara Mwarandu naye alisimama juu ya tairi la lori ili aone mbali zaidi.

Gari moja likasimama. Wakashuka wanawake wawili na mtu mwenye kuku. Likaondoka. Nyuma yake lilikuwa linakuja jingine.